Usimwite Fundi Saa Mwizi kwa Sababu ya Programu ya Bure

Wadau, mtaniwia radhi kwa ukimya. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na sababu si mitihani peke yake. Sababu nyingine ni aibu. Kuna jambo nilikuwa nataka kuliandika, kila nikikaa nafuta. Leo nimeamua kulitoa kwa sababu juzi usiku hapa hosteli lilizuka bishano kwenye kordo, na mimi nikashindwa kulala.

Jamaa mmoja wa chumba cha jirani (simtaji, mwenyewe anajijua na najua anasoma hapa) alikuwa anatuonyesha simu yake. Ameshusha programu ya kupima saa za mshale, zile za kujaza ufunguo na zile za kutikisa. Unaiweka saa karibu na maikrofoni, programu inasikiliza mlio wa ndani, halafu inakwambia saa yako inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Jamaa kapima saa ya mjomba wake iliyotoka kwa fundi wiki hiyo hiyo, ikasoma sekunde 28 mbele. Basi akatangaza kama yuko kwenye kampeni: "Hawa mafundi saa wa Songea ni wezi tu. Zamani walikuwa wanatupiga kwa sababu hatuna kipimo. Sasa wamekwisha, kompyuta haidanganyi!" Watu wakashangilia. Mwingine akaongezea kwamba wote waondolewe kwenye mabaraza, watu wanunue saa za betri yaishe.

Mimi nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo hayo nimeyasema mwezi uliopita, tena si kordoni. Nimeyasema mbele ya fundi mwenyewe, mzee wa umri wa babu yangu, watu wanasikia.

Ilikuwa hivi. Babu yangu ana Seiko 5. Wengi mnaijua: saa ya chuma, haina betri, ukitembea kuna kipande cha chuma ndani kinazunguka na kukaza springi. Walimu na makarani wa ushirika wangapi huku kusini wamezeeka nayo mkononi! Ya babu ina mashine inayoitwa 7S26, ambayo Seiko walianza kuitoa mwaka 1996. Ilikuwa imeanza kusimama usiku. Nikaipeleka kwa fundi ambaye ana kasha lake la kioo kwenye baraza moja karibu na Soko Kuu. Akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akakaa nayo siku nane. Shilingi 15,000. Siku ya kuichukua aliniambia, "Mjukuu wangu, hii itakimbia kidogo, sekunde sita, saba kwa siku. Iache hivyo hivyo."

Sasa mimi si msomi bwana? Nikasema ngoja nimpime mzee. Kwenye laptopu nilikuwa na programu inaitwa tg, ya bure kabisa, aliyoianzisha mtu anaitwa Marcello Mamino. Tatizo maikrofoni yangu haisikii vizuri na chumba chetu kina kelele kama stendi. Nikatafuta mahali pa kuilaza saa ili nipime alfajiri watu wakiwa wamelala, nikaona mahali pazuri ni kwenye sabufa ya mwenzangu, iko karibu na meza. Ilikuwa imezimwa, nikajua haina neno. Saa ikalala pale usiku kucha, kwenye wavu wa spika. Alfajiri nikapima: sekunde 214 mbele kwa siku. Dakika tatu na nusu na ushee!

Sikunywa hata chai. Nilishuka mjini na laptopu mgongoni, nikafika barazani, "shikamoo" nikaitoa kwa haraka kama mtu anayedai deni. Nikamfungulia mzee skrini. Nikamwambia ameniharibia saa ya babu, ushahidi huu hapa, kompyuta imesema. Pembeni yake alikuwepo mama mmoja na saa yake ya ukutani, ya mbao, amekuja kuiacha itengenezwe. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaibeba saa yake kimya kimya akaondoka nayo. Hiyo ndiyo picha ambayo haijanitoka kichwani hadi leo.

Mzee hakubishana. Alivuta droo akatoa dira, ile ndogo ya kawaida ya kuonyesha kaskazini. Akaisogezea ile Seiko. Sindano ikaiacha kaskazini yake ikaifuata saa.

"Uliilaza wapi?"

"Kwenye sabufa, mzee."

"Ndani ya sabufa kuna nini?"

Wadau, mimi nimesoma fizikia mpaka kidato cha sita. Ndani ya sabufa kuna sumaku, tena kubwa.

Kwa wasiojua, ndani ya saa kuna gurudumu dogo linalobembea huku na huku, na linalolirudisha ni springi nyembamba sana iliyojiviringa kama jongoo aliyeguswa. Mafundi wengine wanaiita unywele. Ikipata sumaku, mizunguko yake inanatana. Ikinatana, urefu unaofanya kazi unapungua, gurudumu linabembea haraka kuliko inavyotakiwa, na saa inakimbia. Saa ya babu ilikuwa nzima. Mgonjwa niliyempeleka barazani nilikuwa nimemtia ugonjwa mwenyewe usiku uliopita.

Mzee ana kidude cha umeme cha kutoa sumaku. Baraza lake halina soketi (mji wetu umeingia gridi ya taifa mwaka 2018, kabla ya hapo tulikuwa watu wa majenereta, lakini waya haujafika kila kona), kwa hiyo akavuka barabara kwenda duka la jirani, sekunde chache, akarudi. Hakunidai hata senti. Tukapima pale pale: sekunde 15 mbele.

Na mimi, mtaamini? Moyoni bado nikasema: mbona ulisema sita, saba? Yaani nilikuwa sijakoma.

Sasa ndipo nataka niongee na jamaa wa kordoni na wote waliompigia makofi. "Kompyuta haidanganyi" ni kauli ya mtu ambaye hajawahi kujiuliza kompyuta inajuaje. Programu hizi zote, za simu na za laptopu, zinafanya kitu kimoja. Saa ya babu inapiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde, yaani mara 518,400 kwa siku nzima. Maikrofoni inasikia kila mpigo, na programu inalinganisha nafasi kati ya mpigo na mpigo na saa nyingine. Saa gani hiyo nyingine? Ni kijiwe cha kwozi kilichomo kwenye sehemu ya sauti ya kompyuta yako, hicho hicho kinachoamua sekunde moja ya sauti ina urefu gani. Kwa hiyo unapopima saa kwa laptopu hujapima saa kwa ukweli. Umepima saa kwa saa nyingine. Na hiyo nyingine imetengenezwa ili muziki usikike vizuri tu, hakuna aliyeahidi kwamba itakuwa sahihi kuliko Seiko.

Siku ina sekunde 86,400. Kijiwe kikikosea sehemu 50 tu katika milioni, hesabu inatoka sekunde 4 na kitu kwa siku. Kikikosea sehemu 100, sekunde karibu 9. Na makosa ya namna hiyo kwenye vifaa vya bei poa si ajabu hata kidogo. Ndiyo maana tg ina sehemu ya kurekebisha kipimo: unaiwekea saa ya betri ya mshale, inasikiliza kwa muda mrefu, halafu inakwambia kompyuta yako yenyewe inapotea kiasi gani. Mimi sikuwahi kuigusa sehemu hiyo. Niliigusa siku ile usiku, nikiwa nimenuna, na saa ya ukutani ya jikoni kwa shangazi. Jibu: laptopu yangu inachelewa sekunde 8 kwa siku, kwa hiyo kila saa inayowekwa mbele yake inaiona inakimbia kwa sekunde 8 zaidi. Kumi na tano toa nane ni ngapi?

Saba. Mzee alisema sita, saba.

Alijuaje? Nilirudi kumuuliza (nitasema baadaye nilirudi kwa lipi), akanionyesha daftari. La mistari, limechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi. Anaiweka saa sawa na alama ya saa ya redioni kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kesho yake saa mbili usiku anaangalia imepotea kiasi gani, anaandika. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku saba. Wengine mtasema huo ni ushamba. Haya, tupige hesabu. Tuseme jicho lake limekosea sekunde moja nzima alipokuwa anailinganisha na redio. Sekunde moja ukiigawa kwa siku saba ni kama 0.14 kwa siku. Na hata redio ikichelewa kidogo kufika Songea, maadamu inachelewa kiasi kile kile kila siku, tofauti haibadiliki. Mimi na laptopu yangu ya laki sita na nusu tulikuwa tumekosea sekunde 8. Mzee na daftari la mia tano hajafikia hata robo sekunde.

Halafu jambo la mikao. Jamaa aliilaza saa ya mjomba uso juu, sekunde 30, akapiga picha ya skrini, kesi imekwisha. Saa ya mashine haiendi mwendo mmoja. Ikilala uso juu ina mwendo wake, ikisimama kwa ubavu ina mwingine, springi ikiwa imejaa tofauti na ikiwa inaelekea kuisha. Kule Uswisi kuna taasisi inaitwa COSC inayotoa vyeti vya usahihi. Wanaikagua mashine siku 15, mikao mitano, joto la aina tatu, ndipo wanasema wastani wake uko kati ya kuchelewa sekunde 4 na kukimbia sekunde 6. Siku 15! Wewe umekaa nusu dakika na simu ya kioo kilichopasuka unatoa hukumu.

Na hizo sekunde 28 zenyewe ni kosa la nani? Mashine ya 4R36, ambayo Seiko wanaiweka kwenye Seiko 5 nyingi za siku hizi, kiwanda chenyewe kinaruhusu ichelewe mpaka sekunde 35 au ikimbie mpaka sekunde 45 kwa siku, na bado wanaiita nzima. Sekunde 28 katika 86,400 ni sawa na kupata alama 99.97 kwa mia. Naomba aliyewahi kupata alama hizo kordoni kwetu anyooshe mkono.

Kuhusu saa za betri sibishi. Saa ya betri ya kawaida inapotea kama sekunde 15 kwa mwezi, Seiko ya babu haiwezi kuigusa. Si nimesema mwenyewe kwamba laptopu niliirekebisha kwa saa ya jikoni ya betri? Anayetaka usahihi tu akanunue, hakuna anayemzuia. Lakini babu hataki usahihi tu, anataka saa yake, na hilo si kosa la jinai.

Msinielewe vibaya sasa mkadhani naipinga programu. Hapana. Siku ile baada ya sumaku kutoka, mzee aliniambia, "Hebu nionyeshe hicho kidude chako." Nikaongeza sauti, milio ikatoka kwenye spika za laptopu, ile tiki-tiki imekuzwa kama mtu anagonga bati. Mzee aliinamisha kichwa. Miaka yote amezisikiliza saa kwa kuzibana sikioni. Mara ya kwanza anaisikia kwa ukubwa ule, na anaiona. Kwenye skrini mlio mmoja wa saa si mlio mmoja, ni vishindo vitatu vinavyofuatana haraka: kufunguka, kusukumwa, kufunga. Nikamwonyesha mistari miwili ya vidoti, mmoja wa tiki na mmoja wa taka. Ikiachana sana maana yake gurudumu halibembei sawa pande zote mbili. Akaelewa kabla sijamaliza sentensi, akaniambia ni kipande gani kinasogezwa.

Kisha nikamwonyesha namba ya upana wa mbembeo, gurudumu linabembea digrii ngapi. Saa yenye afya ikiwa imejaa inakuwa kama 270 mpaka 310. Ya babu ilikuwa 241. Nikatafuta neno la Kiswahili la kumwambia nikakosa, nikawa nazunguka zunguka. Akanikata: "Hiyo ni pumzi ya saa. Nilijua ni ndogo, springi yake ya zamani." Pumzi ya saa! Mimi na kamusi zangu.

Na hata hiyo pumzi programu haiioni, inaikisia. Inasikia tu vishindo, kisha inapiga hesabu kwa pembe ambayo wewe umeiandika, na kila aina ya mashine ina pembe yake. Ya 7S26 ni digrii 53, programu ikifunguliwa inaanza na 52. Ukiacha ilivyo, jibu linatoka kombo na halitakwambia limetoka kombo. Fundi anajua mashine gani iko mbele yake. Sisi tunajua kubonyeza "anza".

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kazi ambayo mzee anaifanya kwa redio na siku saba kila anaposogeza kile kirekebishi, programu ingemwonyesha kwa dakika moja. Angesogeza, angeona, angesogeza tena. Siku saba zingebaki za uhakiki wa mwisho tu. Nani amempelekea? Hakuna. Sisi tuliyo nayo tumeigeuza rungu la polisi. Maikrofoni ya maana ya kazi hii ni kile kisahani chembamba cha shaba kilichomo kwenye vidude vinavyolia vya kengele na midoli. Unakitoa, unakiunga kwenye waya wa maikrofoni, saa unailaza juu yake, kelele za sokoni haziingii tena. Laptopu kuukuu inatosha. Programu ni bure na leseni yake, GNU GPL, inamruhusu mtu yeyote kuibadilisha, hata kuiandika upya kwa Kiswahili. Tusiseme haiwezekani: mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, ambayo ina maneno mengi kuliko tg mara sijui ngapi. Hii yetu ina maneno ambayo ukikaa Jumamosi moja na mzee pale barazani mnamaliza kabla ya adhuhuri, na atakupa ya kwake mazuri kuliko ya kwako. Badala yake kila mwaka watu wa mwaka wa mwisho hapa tunaandika mradi ule ule, mfumo wa kusajili wanafunzi, tunabadilisha rangi ya vitufe.

Najua atatokea mtu aseme, mbona mafundi wababaishaji wapo kweli? Wapo. Nimewahi kuona saa iliyotiwa mafuta ya cherehani mpaka yanachuruzika kwenye mkanda, na nimesikia za vipande kubadilishwa kinyemela. Hao kamata. Lakini kamata kwa akili: pima saa yako kabla hujampelekea, ipime tena ikirudi, kwa kifaa kile kile, mkao ule ule, ikiwa imejaa vile vile. Kosa la kompyuta yako litakuwa lile lile mara zote mbili, tofauti itakuwa ya kweli. Jamaa wa kordoni, saa ya mjomba kabla ya fundi ilikuwa inasoma ngapi? Hujui. Huenda ilikuwa inachelewa dakika tano.

Nilisema nitaeleza nilirudi kwa lipi. Nilirudi kuomba radhi. Safari hii shikamoo ilikuwa ya haki. Mzee aliitikia, akaniwekea kigoda, akaendelea na kazi, kile kioo chake kimebana jichoni. Nilipomaliza kujieleza akasema, "Mimi sina neno na wewe. Yule mama ndiye uliyemkosea, saa yake bado imesimama." Nikamuuliza anakaa wapi. Hamjui, alikuja siku ile ile kwa mara ya kwanza.

Jumamosi mbili nimekaa pale na laptopu, tunapima, na jicho langu moja liko barabarani. Mzee keshaanza kuandika namba za skrini kwenye daftari lake, safu moja ya redio, safu moja ya "ya mjukuu", na ya mjukuu anaitoa nane kila mara bila kukumbushwa. Mama hajapita. Kwa hiyo kama wewe ni wa Mfaranyaki, Bombambili, Lizaboni, popote pale mjini, na nyumbani kwenu mama ana saa ya ukutani ya mbao, kioo kina ufa pembeni chini, imesimama, mwambie fundi yupo pale pale barazani. Mwambie yule kijana wa kompyuta alikosea. Na gharama ya kuitengeneza naibeba mimi, ila nisubirini boom litoke.